Bima ya afya: ushirika ukae upande gani wa meza?

Tangu Marekani ilipofunga mifereji ya misaada yake mwanzoni mwa 2025, neno bima limerudi vinywani mwa wakubwa wetu. Februari mwaka huo Wizara ya Afya ya Uganda iliagiza kliniki za VVU na kifua kikuu zilizokuwa zikijitegemea ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Kila aliyelisoma agizo lile alielewa kwamba fedha za mgeni zinakwisha na za mwenyeji hazijulikani zitatoka wapi. Basi muswada wa Bima ya Afya ya Taifa, ule uliopitishwa na Bunge Machi 2021 ukaishia kukosa saini ya Rais, umeanza tena kutajwa mikutanoni. Safari hii umeandamana na wazo ambalo wengi wanaliona la busara: mkulima apitishwe kwenye chama chake cha ushirika. Chama kina majina, kina mizani, kina daftari la malipo. Kikate ada kwenye kahawa au maziwa kabla mkulima hajaigusa fedha yake, kiipeleke kwenye bima, mambo yaishe.

Nadhani hilo ni nusu ya wazo zuri, na nusu iliyokosekana ndiyo yenye uzito. Chama cha ushirika kilizaliwa ili mkulima asikae peke yake mezani na mnunuzi. Kwenye matibabu nako kuna meza: upande huu mgonjwa, upande ule hospitali, na katikati fedha. Ushirika ukikaa upande wa mgonjwa, ukazungumza bei, dawa na muda wa kusubiri kwa niaba ya kaya elfu moja, watu watajiunga wenyewe na mwaka wa pili watarudi. Ukigeuzwa tarishi wa kukusanya ada, utaikosa bima, na baada ya misimu miwili utaikosa na kahawa.

Tuanze na mahali tulipo. Sensa ya 2024 ilituhesabu watu milioni 45.9. Tafiti za kaya zimekuwa zikionyesha kwamba wenye bima ya afya ya aina yoyote ni takriban asilimia moja, wengi wao waajiriwa wa mijini wanaolipiwa na mwajiri. Muswada ule, kama ulivyoandikwa 2019, ulitaka mwajiriwa akatwe asilimia 4 ya mshahara, mwajiri aongeze asilimia 1, na aliyejiajiri, mkulima akiwemo, alipe shilingi 100,000 kwa mwaka. Waajiri walipiga kelele kuhusu asilimia, magazeti yakaandika kuhusu asilimia, na wabunge wakabishana kuhusu asilimia. Ile laki moja ilipita kimyakimya, ingawa ndiyo iliyokuwa na watu wengi zaidi nyuma yake.

Kuna dhana pia kwamba bima ya jamii ni kitu tulicholetewa kwa ndege. Kusini-magharibi mwa nchi, kwenye milima ya Kigezi na Ankole, watu walikuwa na engozi muda mrefu kabla ya gari la wagonjwa. Engozi ni machela, na ni jina la chama cha watu wanaoibeba. Mtu akizidiwa, wanaume wa kilimani huitana na kupokezana mabegani hadi hospitali. Akifa humrudisha kwa machela hiyohiyo. Asiyefika kubeba hutozwa faini, na siku ya kwake ikifika anajua atakavyotazamwa. Hospitali ya Kisiizi, wilayani Rukungiri, ilipoanzisha mpango wake wa bima mwaka 1996, haikutafuta mtu mmojammoja. Iliandikisha vyama hivi vya engozi, kwa sharti kwamba angalau asilimia 60 ya kikundi iingie. Sharti hilo lina hesabu ndani yake. Ukimruhusu kila mtu aje anapotaka, watatangulia mwenye mimba ya mwezi wa nane, mwenye kisukari na mwenye ngiri, na mfuko utakauka kabla ya Pasaka. Kikundi kikija kwa wingi wake, wazima huwabeba wagonjwa, kama ilivyo kwenye machela yenyewe.

Mwaka uliofuata, 1997, shirika la HealthPartners la Minnesota lilianza kule Bushenyi mpango ulioitwa Uganda Health Cooperative, likipitia vikundi kama vya wafugaji wa maziwa na wakulima wa chai. Save for Health Uganda ilishika Luweero na maeneo ya jirani, na Hospitali ya Bwindi ikaanza mpango wake mwaka 2010. Ule wa Kisiizi umehudumia makumi ya maelfu ya watu. Lakini yote ukiijumlisha ni tone kwenye mtungi. Na katikati ya safari, Machi 2001, mwezi uleule wa uchaguzi wa rais, serikali ilifuta malipo katika vituo vyake vya afya. Watu walifurika, hasa maskini, na hilo lilikuwa jema. Ila mkulima akabaki na swali la haki kabisa: nilipe nini, wakati ng'ambo ya barabara ni bure?

Ushirika nao una kumbukumbu zake, na si zote za kujivunia. Wakulima wa Kinakulya waliungana mwaka 1913 ili wasipangiwe bei na wafanyabiashara. Sheria ya 1946 ikavitambua vyama, na Bugisu Cooperative Union ikaanzishwa 1954 hapa Mbale. Ni watoto wangapi wa milimani waliosomeshwa kwa kahawa iliyopita kwenye maghala yale! Kisha ukaja urasimu, ikaja siasa, vikaja vita, na biashara huria ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikamruhusu yeyote mwenye gunia na mizani kununua kahawa. Mei 1999 Benki ya Ushirika ikafungwa. Mwaka 2024 wabunge walifikishwa mahakamani kwa mashtaka yanayohusu fedha za fidia ya chama cha ushirika. Mzee wa hapa akiambiwa kwamba chama kitamtunzia pesa yake, hucheka kwanza, halafu ndipo huuliza.

Sasa tuzichambue hoja. Inayosikika zaidi, na iliyo dhaifu kuliko zote, inadai wakulima hawajiungi kwa sababu hawajaelimishwa. Ugonjwa ukishatajwa hivyo, dawa yake ni semina: fulana, chai na mkate, posho ya mwezeshaji, picha ya pamoja. Ni kweli kwamba utafiti wa Robert Basaza na wenzake kuhusu mipango ya Ishaka na Luweero, uliochapishwa 2007, ulikuta kutokuelewa vizuri ni moja ya sababu za watu wachache kujiunga. Lakini haikuwa peke yake: lilikuwepo sharti la kikundi, ulikuwepo uwezo wa kulipa, kulikuwepo kutoaminiana. Wenye semina huchukua ile sababu inayowapa kazi na kuziacha zile zinazowadai kazi.

Nenda Buganda ukakae na kikundi cha munno mukabi. Wana turubai, viti, masufuria makubwa, daftari lenye saini na faini ya mchelewaji. Kila mwezi hutoa pesa kwa ajili ya msiba ambao hakuna anayeuombea. Mtu anayechangia jeneza bila kujua litakuwa la nani anaielewa bima kuliko mimi ninayeandika. Anachokijua zaidi yetu ni kutofautisha mfuko unaolipa na mfuko usiolipa. Msiba ukitokea, kikundi hulipa hadharani: turubai hilo hapo, wali huo, ng'ombe huyo, kijiji kizima kimeona na kimekula. Faida ya bima ya afya hutokea faraghani, tena kwa sura ya kitu ambacho hakikutokea, yaani bili ambayo haikuja. Hakuna anayerudi kijijini kusimulia bili ambayo haikuja. Lakini mwenye kadi akiambiwa dirishani kwamba dawa zimeisha, aende akanunue duka la nje, habari hiyo itafika kijijini kabla ya boda iliyompeleka. Kwa hiyo kila mwaka mpango unapoomba watu walipe tena, unashindana na hadithi zake wenyewe.

Hoja ya pili ni umaskini. Hii ina ukweli ndani yake, lakini huwa inasemwa ovyo. Miaka michache iliyopita niliketi nyuma katika mkutano wa chama kimoja cha msingi wilayani Sironko, mgeni kutoka mpango mmoja wa bima akieleza kwamba mwaka wao unaanza Julai, kwa hiyo ada ilipwe kufikia mwisho wa Juni. Mama mmoja alisimama, kanga kiunoni, akasema kwa upole: "Mwanangu, Juni kahawa bado ni ya kijani mtini. Wewe unaniuliza nina nini, mimi nakuuliza unaniuliza lini." Mgeni aliandika kitu kwenye daftari lake. Tarehe haikubadilika, na sikusikia tena habari za mpango ule mlimani.

Kalenda ile iliamua mambo mengi kuliko kipato. Kahawa ya Mlima Elgon huvunwa zaidi miezi ya mwisho wa mwaka. Februari ada za shule huanza kuikomba ile fedha, na inapofika mvua za Aprili na Mei, malaria inapopanda, mfuko wa kaya uko mtupu. Huo ndio msimu ambao mchuuzi hupanda mlima na fedha taslimu kununua kahawa ikiwa bado ni maua, kwa bei ya kuumiza. Familia ngapi zimeuza maua ili kulipia mtoto mgonjwa? Idadi siijui, lakini kila mtu wa mlimani anaijua familia mojawapo. Ukiitazama hivyo, bima iliyolipwa Desemba inaokoa vitu viwili: mtoto wa Mei, na bei ya kahawa ya Desemba inayofuata. Sijawahi kusikia semina ikiieleza bima kwa namna hiyo, pengine kwa kuwa waandaaji wake hutoka wizara ya afya na wenzao wa kilimo hukaa jengo jingine.

Wenzetu wa maziwa wana nafuu. Maziwa hulipa mara kwa mara, kwa hiyo kinachokatwa ni kidogokidogo na hakionekani sana. Ng'ambo ya mpaka, huko Nandi, wafugaji wa Tanykina walikuwa na mpango wa afya uliosimama juu ya malipo yao ya maziwa. Moshi nako, KNCU, chama cha wakulima wa kahawa cha tangu 1933, kiliwahi kuwapa wanachama wake mpango wa afya kwa kushirikiana na shirika la PharmAccess. Mipango yote miwili inaonyesha kwamba chama cha mazao kinaweza kuingiza watu wengi kwenye bima kwa muda mfupi. Yote miwili pia iliegemea ruzuku ya nje, na anayeisifu bila kulitaja hilo anatuuzia debe bila kutuonyesha tundu lake.

Hoja yenye nguvu kuliko zote ni ya wanaosema: acheni kubembelezana, ifanyeni lazima kama Rwanda. Rwanda ilianza majaribio ya mutuelle, yaani bima ya afya ya jamii, mwaka 1999, ikafanya bima kuwa ya lazima kwa sheria mwaka 2008, na leo wananchi wengi mno wamo. Hata kule vikundi vya ibimina, vya kuweka na kupokezana fedha, vilisaidia kaya kutimiza ada. Siwezi kuibeza hoja hiyo. Bima ya hiari ya watu wa kipato kidogo haijawahi kufunika nchi nzima popote ninapopajua. Lakini tusome hesabu yote. Rwanda ililipia maskini wake kabisa kutoka mfuko wa umma na wa wafadhili, na ilihakikisha mwenye kadi ana kituo cha kwenda. Kenya ilianza mfumo wake mpya wa bima ya afya, SHA, Oktoba 2024. Sisi tunaoishi karibu na Busia na Malaba tunawasikia jamaa zetu: kujiandikisha wamejiandikisha kwa mamilioni, kulipa ndiko kuliko na mlima, kwa sababu asiye na mshahara anatakiwa atoe ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Lazima iliyoandikwa kwenye sheria bila kujua pesa ya mkulima inaingia lini hubaki kwenye karatasi.

Kuna tatizo jingine, ambalo wapenda lazima hawaligusi. Serikali ina polisi. Ushirika una mizani tu. Mwanachama akilazimishwa kukatwa ada ya bima asiyoitaka, hana haja ya kuandamana wala kwenda mahakamani. Ataipeleka kahawa yake kwa mchuuzi anayesubiri njia panda na pikipiki na noti mkononi. Kila shilingi inayokatwa ndani ya chama ni punguzo la bei machoni pa mwanachama, isipokuwa ameiona faida yake. Miaka ya karibuni kahawa imepanda bei, wanunuzi wamezagaa hadi uani, na vyama vimekuwa vikihangaika kuwashikilia wanachama wao hata kabla ya kuongezewa mzigo wa bima. Chama kikipoteza kahawa hakiwezi kutimiza mkataba na mnunuzi wa nje. Asipotimiziwa, mnunuzi anaondoka. Akiondoka, bei ya chama inashuka hadi ya mchuuzi, na basi. Waziri aliyetaka kukusanya laki moja kwa njia rahisi atakuwa ameua taasisi ambayo wakulima waliijenga upya kwa miaka ishirini baada ya kuporomoka kwa ile ya zamani.

Wapo wanaosema basi tutumie SACCO, yaani vyama vya akiba na mikopo, za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, kwa kuwa tangu 2022 kila parishi imekuwa ikitengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka. Hapana. Zile ni fedha za mkopo wa serikali, na wakopaji wengi wanaziona kama zawadi iliyochelewa. Kuchanganya bima na mkopo ambao mtu ana shaka kama ataulipa ni kuzaa mtoto mwenye baba wawili.

Turudi kwenye meza. Ninaposema chama kikae upande wa mgonjwa, nina maana kinunue matibabu kwa niaba yake, kazi inayofanana kabisa na ile ambayo vyama vinaijua. Chama cha kahawa kinapouza kinataja daraja, unyevu, idadi ya magunia, tarehe ya kufikisha na nani anabeba hasara gunia likikutwa na mawe. Kwa nini kinapokwenda hospitali kinakuwa bubu? Mkataba wa matibabu unaweza kutaja vilevile: kaya 1,200 zinakuja na ada hii, hospitali itakuwa na dawa hizi ishirini wakati wote, ikizikosa, itazinunua yenyewe duka la nje wala haitamtuma mgonjwa, mama wa upasuaji hataombwa glavu, kila miezi mitatu daftari la madai litafunguliwa mbele ya wajumbe watatu wa chama, wawili wakiwa wanawake. Hospitali za misheni, ambazo hutegemea sana ada za wagonjwa na huwa na mifuko iliyotoboka kwa bili zisizolipwa, zina sababu nzuri ya kuukubali mkataba kama huo. Kaya 1,200 zinazolipa Desemba ni mshahara wa wauguzi wa Januari.

Na hapa ndipo jibu la swali la "ng'ambo ya barabara ni bure" linapopatikana. Utafiti wa Janestic Twikirize na mwenzake uliochapishwa 2012 uliuliza kwa nini kaya za vijijini za magharibi mwa nchi ziliamua kulipia bima ilhali huduma ya serikali haina malipo. Walilipia kwa sababu walijua watapata dawa na watatazamwa kama watu. Mkulima, kumbe, yuko tayari kulipia tofauti ya ubora akiiona. Chama kinachojadili ubora kinauza kitu. Chama kinachokusanya ada tu, na kuacha ubora kwa huruma ya hospitali, kinauza kadi.

Fedha je? Tupige hesabu kidogo. Wakulima wanaouza kahawa kwa utaratibu wa Fairtrade, yaani biashara ya haki, hupata, juu ya bei, senti 20 za dola kwa kila ratili, na wanachama ndio wanaopiga kura kuamua itumikeje. Gunia la kilo 60 lina ratili 132, kwa hiyo linaleta dola 26 na ushei. Ukibadilisha dola kwa shilingi 3,600 hivi, gunia moja linakaribia shilingi 95,000. Yaani gunia moja la mkulima lililouzwa kwa njia hiyo linakaribia kulipa ile laki moja ya muswada wa 2019, bila kugusa bei yake ya kawaida. Najua si kila gunia la chama hupata soko hilo, na sehemu ya fedha hiyo ni lazima iende kwenye kuboresha uzalishaji na ubora. Najua pia vyama vingi havimo kabisa. Lakini kwa vile vilivyomo, kama Gumutindo ya hapa Mbale, swali si kama fedha ipo. Ni kama mkutano mkuu uko tayari kuweka zahanati mbele ya bati jipya la ofisi. Hata nusu tu ikitoka huko, mwanachama akaongeza nusu siku ya kupima kahawa, uzito wa kile kinachokatwa unakuwa ule ambao mtu anaubeba bila kukimbilia njia panda.

Hofu ya wizi siipuuzi, nimeshataja historia. Ila dawa yake ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, maana chama kinachonunua matibabu hakilazimiki kuwa mtunza fedha. Ada inaweza kutoka kwenye hesabu ya mwanachama moja kwa moja hadi hospitali au kwenye mfuko, ujumbe ukaingia kwenye simu ya mwanachama, ukaingia pia, tafadhali, kwenye simu ya mke wake. Nalisisitiza la mke kwa sababu daftari la chama mara nyingi lina jina la mume, mwenye shamba kwa maandishi, ilhali anayechuma, anayeanika na anayempeleka mtoto zahanati usiku ni mama. Kule Kasese, Bukonzo Joint imejulikana kwa kuwakalisha mume na mke pamoja kupanga mapato ya kahawa. Bima inayoamuliwa na asiyeshika kipimajoto ina tabia ya kusahaulika mwezi wa kulipa tena.

Mipaka ya wazo hili niiseme mwenyewe kabla sijasemewa. Kwanza, ushirika hauna maskini wa mwisho. Kibarua anayechuma kahawa ya wenzake, mjane asiye na miti, kijana mwenye boda, hao hawamo kwenye daftari. Anayedhani bima ya ushirika itaifunika nchi anajidanganya. Hao ni wa kodi, kama Rwanda ilivyokubali kuwalipia wa kwake. Pili, chama cha msingi chenye kaya mia nne ni mfuko mdogo mno. Upasuaji mitatu na ajali moja ya lori la matoke vinaweza kuumaliza. Tena misiba ya mlimani huja kwa pamoja. Novemba 2024 udongo uliporomoka Bulambuli ukafukia watu na nyumba usiku mmoja. Siku kama ile mchangiaji na mhitaji ni mtu yuleyule. Kwa hiyo mkataba usainiwe na muungano wa vyama, wala si chama kimoja cha kijiji, na nyuma ya miungano hiyo pawe na mfuko mkubwa wa taifa unaobeba kile kinachozidi kimo. Hiyo ndiyo kazi halali ya serikali katika jambo hili, nayo ni ngumu zaidi kuliko kutoa waraka wa makato.

Likirudi Bungeni suala la bima, wanaushirika wana vifungu vya kudai. Wadai sheria itambue mipango ya jamii iliyopo, ambayo hadi sasa inaelea bila sheria yake mahususi. Wadai tarehe ya kulipa ifuate zao: Desemba mlimani, kila mwezi kwa wa maziwa, na kule kwa wenye kiboko, yaani robusta iliyokaushwa na maganda yake, ifuate msimu wao, unaotofautiana kati ya Masaka na Busoga. Na wadai kiti, tena cha kupiga kura, pale bei ya huduma inapopangwa na hospitali. Nasikia wataalamu wakisema kifungu hicho cha mwisho kitachelewesha mambo, kwamba wakulima waingizwe kwanza na uwakilishi utafuata. Ndivyo walivyoambiwa wazee wetu kuhusu bodi ya kuuza kahawa.